Maji ya Mgeni na Maji ya Mwenyeji



Tumekutana kuzungumza juu ya hoteli za pwani ya Unguja, hasa zile zinazojitangaza kuwa rafiki wa mazingira. Wengi wetu tunakula kutokana na hoteli hizo. Wamo humu wapishi, watandika vitanda, walinzi, watunza bustani na mafundi bomba. Hatukuja, basi, kuulaani utalii ambao umewasomesha watoto wetu.

Tuanzie chini ya miguu yetu. Upande wa mashariki na kaskazini ya kisiwa, ardhi ni mwamba wa matumbawe ya kale, wenye matundu mithili ya sifongo, na udongo juu yake ni haba. Mvua inayonyesha hupenya mwambani na kutulia chini, maji matamu yakielea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi kuliko yale ya chumvi. Yakivutwa kwa pampu kupita kiasi, chumvi hupanda. Na karo la maji machafu likichimbwa katika mwamba huo huo bila kujengewa sawasawa, uchafu hupita upesi kuelekea visimani na baharini, penye mwani wa akina mama na matumbawe wanamokulia samaki. Kisima cha hoteli na kisima cha kijiji, hata vikitengwa kwa ukuta mrefu, kwa kweli ni kisima kimoja.

Mwaka 2012 shirika la Uingereza lililoitwa Tourism Concern lilitoa matokeo ya uchunguzi wake katika vijiji vya Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Kaya ya mwenyeji ilitumia kwa wastani lita 93 kwa siku. Chumba kimoja cha nyumba ya wageni kilitumia lita 686, na chumba cha hoteli ya nyota tano kilifika lita 3,195. Kaya nzima, tukumbuke, pamoja na watoto, wagonjwa na ufuaji wa nguo, dhidi ya chumba kimoja.

Sasa huko vyumbani huwekwa kadi ndogo inayomsihi mgeni atumie taulo lake mara mbili ili kuokoa mazingira. Si jambo baya. Lakini dirishani mgeni huyo huyo anaona nyasi zinazomwagiwa maji mchana kutwa juu ya jiwe la matumbawe, ambako nyasi za namna hiyo hazikuota kamwe. Kadi haigharimu kitu. Bustani ndiyo inayosema ukweli.

Wenye hoteli hutujibu kwamba haiwezekani kufanya vinginevyo. Tuwaelekeze Chumbe, kisiwa kidogo kilicho kusini-magharibi ya mji wa Zanzibar, ambacho mwamba wake wa matumbawe ulitangazwa na Serikali kuwa hifadhi mwaka 1994. Pale zipo nyumba saba tu za wageni. Kila paa hukinga mvua, na maji huhifadhiwa katika tangi chini ya sakafu. Umeme ni wa jua. Vyoo havivuti maji, bali kinyesi hugeuzwa mboji, na maji ya kuogea huchujwa katika matuta ya mimea. Waliokuwa wavuvi ndio walinzi wa matumbawe, na wanafunzi wa shule hupelekwa kujifunza. Wageni hulipa, tena si kidogo. Hatusemi kwamba hoteli ya vyumba mia inaweza kuiga kila jambo, lakini kukinga mvua na kusafisha maji machafu haviishindi.

Kanisa si geni katika hoja hii. Papa Yohane Paulo II aliiingiza katika ujumbe wake wa Siku ya Amani Duniani wa 1 Januari 1990, na Papa Fransisko, katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, aliyahesabu maji salama kuwa haki ya kila binadamu.

Hata hivyo, ugumu mkubwa uko kwetu. Nani hujua karo linamwagwa wapi usiku? Fundi anayeshika mpira hujua, na mlinzi anayefungua lango hujua. Jumapili tunaketi naye benchi moja. Ananyamaza kwa sababu kibarua ni kimoja na wanaokitaka wako hamsini, nasi hatuna haki ya kumwita mwoga. Mzigo huo asiachiwe peke yake. Kamati yetu ya Haki na Amani ndiyo iulize, bila kumtaja mtu. Izunguke pamoja na sheha, wazee wa msikiti na akina mama wa mwani, maana chumvi kisimani haichagui dini. Iombe kuonyeshwa tathmini ya athari kwa mazingira, na mahali maji taka yanapoishia. Zanzibar inayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira tangu mwaka 2015, na mamlaka ya kuisimamia ipo. Barua iliyotiwa saini na kijiji kizima ni vigumu kuitupa kapuni.

Na kabla ya kugonga lango la mtu, tangi la parokia linavuja tangu Pasaka. Mafundi mmo humu ukumbini. Tunaomba wawili wabaki baada ya chai.