NASAHA KWA WANANCHI: UPIMAJI WA MAJI YA PWANI



Maji ya bahari yaweza kuwa maangavu machoni, kumbe yamechanganyika na kinyesi. Katika Mji Mkongwe mifereji ya mvua na majitaka huishia baharini, nasi twawaona vijana wakijitosa Forodhani kila jioni.

Mpimaji hatafuti kila kijidudu cha maradhi, maana ni vingi mno. Hutafuta enterokoki, bakteria wakaao matumboni mwa watu na wanyama. Kuwapo kwao ni ushahidi kwamba kinyesi kimefika. Maji huchotwa kwa chupa safi isiyo na vijidudu, huhifadhiwa katika barafu, kisha huchujwa, na kichujio huwekwa katika joto la nyuzi 41 kwa muda wa saa 24. Ndipo bakteria waliozaliana huhesabiwa.

Basi izingatiwe kwamba jibu la leo ni la maji ya jana, aliyeogelea keshaogelea. Kwa hivyo, inyeshapo mvua kubwa, wazazi na walimu wawazuie watoto kuogelea karibu na midomo ya mifereji kwa siku tatu, bila ya kungojea majibu. Na aliyeunganisha choo chake na mfereji wa mvua, ajue kuwa anawanywesha watoto wa jirani yake.