Usalama wa Mvuvi Mbele ya Mamba: Tuanzie Mwaloni

Mada iliyoandaliwa kwa ajili ya semina ya maafisa uvuvi, maafisa wanyamapori na viongozi wa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) vya vijiji vya kando ya Ziwa Victoria



1. Utangulizi

Nimeombwa kueleza namna mvuvi anavyoweza kujikinga na mamba akiwa ukingoni au ndani ya mtumbwi. Wengi waliomo humu wamekulia kando ya maji, na wapo waliozika ndugu zao kwa sababu ya mnyama huyu. Kwa hiyo nitapita haraka katika yale tunayoyajua sote, nipate nafasi ya kutosha kwa jambo moja ambalo limenikalia moyoni kwa miaka mingi ya kazi hii: matumbo ya samaki tunayoyatupa majini.

2. Maana na mipaka ya mada

Mamba anayezungumzwa hapa ni mamba wa Naili. Yupo Ziwa Victoria, Tanganyika na Rukwa, na katika mito kama Rufiji, Kilombero na Ruvuma. Dume aliyekomaa huweza kupita mita 4, na wachache hufikia mita 5. Ni mnyama anayelindwa na Sheria ya Tanzania ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, hivyo kumuua bila kibali ni kosa.

Mvuvi, katika mada hii, ni kila mtu ambaye riziki yake inamfikisha kwenye maji: wa mshipi, wa nyavu za makila, wa migono, anayepiga kasia, na pia mama mchuuzi anayepara samaki ukingoni. Huyu wa mwisho husahaulika katika mada nyingi, nami nitamrudia.

3. Tabia za mamba zinazomhusu mvuvi

Macho, masikio na matundu ya pua ya mamba yako juu ya kichwa. Anaweza kuzamisha mwili wote na bado akaona, akasikia na kunusa. Kwenye taya zake kuna vipele vidogo vinavyohisi mtikisiko wa maji, ndiyo maana giza halimzuii kujua kwamba mtu ameingia au samaki anahangaika kwenye ndoana.

Damu yake haina joto la kudumu. Huota jua, hutumia nguvu kidogo, na anaweza kukaa muda mrefu bila kula. Hawindi kwa kukimbiza. Huvizia pale maji yanapokutana na nchi kavu, kisha huruka kwa nguvu ya mkia. Jike hutaga kwenye mchanga na kulinda mayai kwa takribani miezi 3. Akiwa na kiota, humfuata hata mtu aliyepita tu.

Tabia ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote: mamba hujifunza. Mahali alipopata chakula hupakumbuka, na hurudi.

4. Tatizo kuu: matumbo ya samaki majini

Hapa naomba subira ya ukumbi.

Tazameni mwalo wowote mdogo asubuhi mitumbwi inaporudi. Sangara wanaofaa kiwandani hupimwa, hutiwa barafu na kuondoka. Sato, kambale na sangara wadogo hubaki kwa wachuuzi na wakaanga samaki. Wale wa kayabo hupasuliwa, hutiwa chumvi na kuanikwa, wakisubiri safari ya Kongo. Kazi hiyo yote ya kupara na kutumbua hufanyika ukingoni, maji yakiwa magotini, kwa kuwa maji ndiyo yanayosafisha samaki, kisu na mikono. Matumbo, matamvua na magamba huachwa hapo hapo. Saa chache baadaye, mahali hapo hapo, mtoto anachota maji, mama anafua, mvuvi anaoga, na jioni kijana anaingia hadi kiunoni kusukuma mtumbwi.

Kinachofuata kinaeleweka bila maajabu yoyote. Samaki wadogo huja kula mabaki, kambale huwafuata, na mamba huwafuata wote. Akipata mlo leo na kesho mahali pamoja, hana sababu ya kuhama. Ziwa likichafuka na watu wasiende kuvua, matumbo hukosekana, lakini mamba yupo. Siku hiyo kilichomo majini ni mguu wa mtu.

Jambo hili nimelieleza katika vikao vingi, na jibu limekuwa la heshima kila mara. Afisa uvuvi husema mamba ni mnyamapori, aulizwe mwenye wanyamapori. Afisa wanyamapori husema mwalo ni eneo la uvuvi, na taka za samaki hazimo katika majukumu yake. Afisa afya husema yeye anaangalia vyoo na kipindupindu. Halmashauri husema ushuru wa mwalo umeshapangiwa matumizi. Silaumu ofisi yoyote. Kila moja inasema kweli kwa mujibu wa mwongozo wake. Lakini zile hatua chache kati ya mchanga mkavu na maji ya kina hazina mwenyewe, na ndizo zinazotuulia watu.

Wenzetu wa Florida, Marekani, wana aligeta, ndugu wa mamba, zaidi ya milioni moja. Si mkali kwa binadamu kiasi cha mamba wetu, hata hivyo sheria yao inakataza kumlisha. Wavuvi wa mshipi wanaelekezwa kutupa mabaki ya samaki kwenye mapipa ya taka yaliyopo sehemu za kushushia boti na kwenye kambi za uvuvi. Maelezo yao yako wazi: anayetupa matumbo majini hakukusudia kulisha, lakini matokeo ni yale yale. Jimbo hilo lina tume moja inayosimamia samaki na wanyamapori kwa pamoja, kwa hiyo tangazo moja linamhusu mvuvi na aligeta. Sisi tuna wizara mbili, moja ya uvuvi na nyingine ya wanyamapori. Sisemi ziunganishwe. Nasema zikae meza moja kuhusu mwalo.

Wala hatuwezi kusema kwamba kutengeneza mwalo kunatushinda. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu za usafi na usalama wa chakula. Baada ya hapo baadhi ya mialo iliboreshwa kwa sakafu ya zege, uzio na maji safi. Tulijua la kufanya, na tulilifanya kwa ajili ya samaki anayeliwa Ulaya. Mialo midogo ya samaki tunayemla wenyewe ilibaki kama ilivyokuwa. Ninaomba bidii ile ile kwa ajili ya mama anayepara sato.

Zipo njia ambazo wananchi huzidai kwanza. Ya kwanza ni kuua. Mamba aliyekwisha kushambulia watu lazima aondolewe na wenye mamlaka, tena haraka. Lakini akiondolewa huku matumbo yakiendelea kumwagwa, mwingine huchukua nafasi yake. Ya pili ni kumhamishia mbali. Huko Australia, mamba wa maji chumvi waliohamishwa wakiwa na vifaa vya kufuatiliwa kwa setelaiti walirudi walikotoka, mmoja wao akisafiri zaidi ya kilomita 400. Ya tatu ni vizimba vya kuchotea maji, vilivyoanza kujengwa katika baadhi ya vijiji vya ziwa letu. Hivi naviunga mkono kwa dhati. Ila kizimba kikijengwa jirani na mahali pa kutumbulia samaki, mamba atasubiri nje ya mlango.

Kuna pia maneno ya mamba wa kutumwa kwa uchawi. Sidharau huzuni ya waliofiwa, maana mtu aliyepoteza mtoto hutafuta sababu inayolingana na msiba wake. Lakini imani hii inaumiza mara mbili: kikongwe asiye na hatia hunyooshewa kidole, na matumbo yanaendelea kumwagwa pale pale. Viongozi wa BMU wana wajibu wa kulisema hili waziwazi kwenye mikutano ya kijiji.

5. Tahadhari za mvuvi mwenyewe

Wakati tukisubiri mialo bora, mvuvi afanye yafuatayo.

Anayevua kwa mshipi ukingoni asimame hatua kadhaa kutoka kwenye maji, mahali palipoinuka na pasipo na matete. Asirudie kituo kimoja kila siku saa ile ile. Samaki aliyenaswa avutwe haraka hadi nchi kavu, kwa maana anavyopigapiga maji ndivyo anavyomwita mamba. Mamba akimkamata samaki huyo, mshipi ukatwe. Ndoana hupatikana dukani. Samaki waliokwisha kuvuliwa wawekwe kwenye ndoo au kikapu nchi kavu, wasifungwe kamba kiunoni wala kuning'inizwa majini.

Aliye kwenye mtumbwi mdogo wa mtu mmoja, au kwenye kayaki kama wageni wa hoteli, yuko karibu sana na usawa wa maji. Asining'inize mikono wala miguu, asioshee samaki ubavuni mwa chombo, na asipite karibu na fungu la mchanga ambako mamba huota jua au hutaga. Akimwona mamba akizama, asidhani ameondoka. Wavuvi watoke wawili wawili au zaidi, na chombo kikubwa ni salama kuliko kidogo.

Wavu ukinasa kwenye kisiki usifuatwe kwa kuingia majini. Uvutwe kutoka chomboni au uachwe. Kokoro ni haramu kwa sababu linaharibu mazalia ya samaki, lakini lina hatari nyingine: linawasimamisha wavutaji majini kwa muda mrefu. Usiku, mulika tochi ukingoni kabla ya kushuka. Macho ya mamba hung'aa mekundu kwenye mwanga, lakini kutoyaona si uthibitisho kwamba hayupo.

Mamba akimkamata mtu, mtu huyo apigane palepale bila kungoja, alenge macho na pua. Walio karibu wapige kelele na wasaidie kwa makasia. Akiokolewa, damu izuiwe kwa kukandamiza kwa kitambaa safi, kisha apelekwe hospitali hata kama jeraha ni dogo. Kinywa cha mamba kina vijidudu vingi, na jeraha lililofungwa nyumbani huweza kuoza.

6. Mapendekezo

Kwa vijiji na BMU:

1. Kila mwalo utenge mahali maalumu pa kupara na kutumbua samaki, mbali na maji na mbali na njia ya watoto.
2. Lichimbwe shimo la matumbo lenye mfuniko, na mabaki yafukiwe kila siku.
3. Maji ya kusafishia samaki yaletwe kwa ndoo kwenye meza. Samaki wasipelekwe kwenye maji.
4. Sheria ndogo za kijiji zikataze kutupa matumbo ziwani, na faini yake irudi kwenye usafi wa mwalo.
5. Mahali pa kuchotea maji, pa kuogea na pa kutumbulia samaki pasiwe pamoja.
6. Akina mama wachuuzi wawe na wajumbe katika kamati ya mwalo, kwa kuwa wao ndio wanaokaa ukingoni muda mrefu kuliko wote.

Kwa halmashauri:

7. Sehemu ya ushuru wa samaki itengwe kwa meza, mashimo na maji katika mialo midogo.
8. Afisa uvuvi, afisa wanyamapori na afisa afya wakague mialo kwa pamoja na kuandika taarifa moja.
9. Kila shambulio liandikwe: mahali, saa, alichokuwa akifanya mtu huyo, na kama samaki walitumbuliwa jirani.

Kwa wizara na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA):

10. Utolewe mwongozo wa pamoja wa wizara mbili unaotaja nani anawajibika na ukingo wa maji mwaloni.
11. Vizimba viongezwe, na visijengwe kabla mahali pa kutumbulia samaki hapajahamishwa.
12. Mamba aliyethibitika kushambulia watu aondolewe mapema, na mwalo usafishwe wiki hiyo hiyo ili mwingine asifuate.
13. Malipo ya kifuta machozi yawafikie waathirika bila kuzungushwa kutoka ofisi hadi ofisi.
14. Elimu ya mamba ifundishwe shuleni na mialoni, sambamba na elimu dhidi ya uvuvi haramu.

Kwa sisi sote:

15. Tuache kumwaga matumbo ya samaki majini. Nimelisema katika pendekezo la kwanza, la pili na la nne, na ninalirudia kwa makusudi.

7. Hitimisho

Mamba hatamalizika katika ziwa hili, wala hatupaswi kutaka amalizike. Mvuvi naye hawezi kuacha maji. Katika yote niliyoyataja, lililo mikononi mwetu bila kusubiri bajeti ya taifa ni kuacha kumlisha mamba mahali tunapokanyaga kila siku. Shimo linachimbwa kwa jembe, na meza inatengenezwa kwa mbao za mtumbwi uliochakaa.

Kwa hiyo naomba azimio la kwanza la semina hii liwe hili: kabla hatujatoka ukumbini, kila mwenyekiti wa BMU aliyepo akae na afisa uvuvi na afisa wanyamapori wake, wataje kwa jina mwalo watakaoanza nao na mahali shimo litakapochimbwa, na tarehe iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.