Moyo Kwenda Mbio kwa Mtumiaji wa Dawa za Presha: Tuhesabu Mapigo Kwanza
Mada kwa semina ya wauguzi na watoa dawa



Kila siku ya kliniki ya presha hatukosi mgonjwa wa kutuambia, "Tangu nianze dawa hizi, moyo unanienda mbio." Mwingine husema moyo unadunda, mwingine kwamba unaruka kisha unapiga kwa kishindo. Akifika kusema hivyo, mara nyingi ameshaamua kuziacha. Na sisi, foleni ikiwa imefika mlangoni, humjibu "utazoea", au tunambadilishia dawa bila hata kumshika mkono. Majibu yote mawili yanaumiza watu.

Nimewahi kumpokea mama wa makamo aliyeingia ameshika kifua. Alifungua pindo la khanga, akatoa karatasi mbili za vidonge na kuzilaza mezani. Ya amlodipini ilikuwa mpya. Ya atenololi ilikuwa tupu, imetobolewa kote. Atenololi ilimwishia siku nne nyuma, na pesa aliyokuwa nayo dukani ilitosha aina moja tu. Aliambiwa achukue amlodipini kwa sababu ndiyo "ya presha", hiyo nyingine ni "ya moyo", na moyo wake ulikuwa umetulia. Nilimshika kifundo cha mkono nikiitazama saa ya ukutani: mapigo 124 kwa dakika, naye ameketi. Presha ilikuwa 190 kwa 110.

Moyo wake ulikuwa umetulia kwa sababu ya kidonge kile kile alichoambiwa anaweza kukikosa. Atenololi, propranololi, bisoprololi na kavediloli huzuia adrenalini isiuchochee moyo. Propranololi ilitokana na kazi ya James Black wa Scotland katika miaka ya 1960, na mwaka 1988 alipewa Tuzo ya Nobel. Dawa hizi zikitumika kwa muda mrefu, moyo huongeza vipokezi vya adrenalini ili kufidia vile vilivyozibwa. Ukiziacha ghafla, adrenalini inavikuta vipokezi vingi na vyote viko wazi. Moyo hukimbia, presha hupanda, na mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo anaweza kupata shambulio la moyo. Ndiyo maana dawa hizi hupunguzwa kidogo kidogo, kwa wiki moja hadi mbili, chini ya uangalizi wa daktari. Klonidini nayo ni vivyo hivyo, tena kwa klonidini presha inaweza kuruka ndani ya siku moja au mbili.

Kwa hiyo swali la kwanza liwe: ni dawa gani umeacha? Tumezoea kuuliza ni ipi umeanza, na hapo ndipo tunapopotea.

Hata hivyo zipo dawa zinazoufanya moyo ukimbie zinapoanza. Nifedipini hutanua mishipa. Katika mishipa mikubwa ya shingo na karibu na moyo kuna vihisio vinavyopima shinikizo. Vikiona limeshuka kwa haraka, hutuma taarifa kwenye ubongo, na moyo huamriwa kuongeza kasi. Hidralazini hufanya hivyo pia. Tatizo kubwa ni kasi ya dawa kuingia kwenye damu. Nifedipini ya kutoa dawa polepole ikisagwa au kutafunwa, dawa iliyokusudiwa saa nyingi huingia kwa mkupuo. Na ile desturi ya kutoboa kidonge laini cha nifedipini na kukidondosha chini ya ulimi ili "kuishusha presha upesi" ilishapingwa na wataalamu tangu miaka ya 1990, baada ya wagonjwa kupata kiharusi na mshtuko wa moyo. Ndugu zangu, tuiache kabisa.

Amlodipini ni ya jamii hiyo hiyo, lakini huingia taratibu na kukaa mwilini zaidi ya siku moja. Katika majaribio yake, waliolalamika moyo kudunda kwa dozi ya miligramu 10 walikuwa 4.5 katika kila 100. Kwa miligramu 5 walikuwa 1.4, na kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa walikuwa 0.6. Maana yake ni kwamba mgonjwa wa miligramu 10 anayelalamika asipuuzwe. Daktari akimpunguzia dozi huenda akapata nafuu bila kupoteza dawa.

Dawa za kukojoa, yaani hidroklorothiazidi na furosemidi, zina njia yake. Huondoa potasiamu pamoja na maji, na potasiamu ikipungua moyo huanza kuruka mapigo. Mgonjwa huyu mara nyingi hulalamika pia misuli ya miguu kukaza usiku. Anahitaji kipimo cha damu. Tusikimbilie kumwambia ale ndizi na kunywa madafu kwa wingi, kwa sababu akiwa anatumia pia losatani, enalaprili au spironolaktoni, au figo zake zimechoka, potasiamu inaweza kupanda kupita kiasi, na hiyo husimamisha moyo.

Tuulize pia vitu ambavyo mgonjwa havihesabu kuwa dawa: salbutamoli ya pumu, vidonge vya mafua vyenye pseudoefedrini, vinywaji vya kuongeza nguvu, kahawa nyingi, mirungi. Upungufu wa damu na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huleta dalili hiyo hiyo, na hapo dawa ya presha inasingiziwa bure.

Kuhesabu mapigo hakuna gharama. Mgonjwa aketi dakika tano, vidole viwili kwenye mshipa chini ya kidole gumba, hesabu dakika nzima. Kati ya 60 na 100 ni kawaida kwa mtu mzima. Sikiliza na mpangilio. Mapigo yakija ovyo, hili kubwa, lile dogo, hili limechelewa, mpeleke akapimwe umeme wa moyo. Huenda vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kupiga, na katika hali hiyo damu huganda humo na bonge likipanda ubongoni huleta kiharusi. Anayeumwa kifua, aliyezimia, anayekosa pumzi, aliyelegea upande mmoja au mwenye mapigo zaidi ya 120 akiwa ametulia, aende hospitali saa hiyo hiyo.

Ombi langu ni dogo. Kuanzia kesho, kwenye kadi ya kila mgonjwa wa presha, karibu na tarakimu za presha, tuandike na idadi ya mapigo. Na mgonjwa akija na pesa ya dawa moja kati ya mbili, tusimchagulie. Tumpe siku chache za kila aina, kisha tumpigie simu daktari wake kabla hajatoka dukani.