Kiplefti Kilicho Chini ya Ubongo



Wiki mbili zilizopita nilikwenda kumjulia hali mjomba wangu. Nilimkuta amekalishwa barazani, mkono wake wa kulia umelala mapajani kama si wake. Aliponiona alitabasamu kwa upande mmoja wa uso, akataka kuniita jina langu, likamshinda. Huyu ndiye mtu aliyenifundisha kusoma gazeti.

Mambo yalianza Jumatano moja asubuhi. Kikombe cha chai kilimponyoka, mdomo ukaenda upande, na maneno yakawa hayaeleweki. Watu wa nyumbani walikusanyika wakashauriana. Mmoja akasema ni upepo. Mwingine akakumbusha habari za jirani wa nyumba ya tatu, ambaye mwaka juzi alipatwa na mambo hayo hayo, akakandwa kwa mafuta, na kesho yake akaonekana sokoni akichagua samaki. Basi na mjomba naye akakandwa. Hospitali alifikishwa siku ya tatu.

Sina nia ya kumlaumu mtu, maana hata mimi, lau ningekuwapo siku ile, huenda ningeshika chupa ya mafuta. Lakini swali limenikaa moyoni: kwa nini maradhi yanayofanana yamwache mmoja aende sokoni, na mwingine yamnyang'anye ulimi? Nimeuliza wanaojua na nimesoma nilichoweza kupata. Sehemu moja ya jibu ilinishangaza, na ndiyo niliyokuja nayo leo.

Ubongo ni asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia kama asilimia 20 ya oksijeni yote tunayovuta. Hauna ghala la akiba, kwa hiyo damu lazima iufikie bila kukatika. Damu hiyo hupandishwa na mishipa minne. Miwili iko mbele ya shingo. Ukiweka vidole kando ya koo utaisikia ikidunda. Miwili mingine iko nyuma, nayo hupita katika matundu ya mifupa ya shingo na kuungana kuwa mmoja ndani ya fuvu. Chini ya ubongo mishipa hii ya mbele na ya nyuma huunganishwa na vijishipa vidogo, ikafanya duara. Dereva wa Dar es Salaam angekiita kiplefti: barabara zinaingia, nyingine zinatoka, na njia moja ikifungwa gari linaweza kuzunguka na kutokea upande wa pili.

Wataalamu wanaliita Duara la Willis, kwa jina la Thomas Willis, daktari wa Oxford huko Uingereza, aliyelieleza katika kitabu chake cha mwaka 1664. Michoro ilifanywa na rafiki yake Christopher Wren, yule yule aliyekuja kusanifu Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo mjini London. Willis alisimulia habari za mtu mmoja aliyekufa kwa uvimbe wa tumboni. Alipompasua alikuta mshipa wa shingo wa upande wa kulia umeziba kabisa, umekuwa mgumu kama jiwe. Na mtu huyo hakuwa amepooza! Mshipa wa nyuma wa upande ule ule ulikuwa umetanuka kuliko kawaida, ukibeba mzigo wa mwenzake.

Hapo ningeweza kukuaga, ndugu msikilizaji, nikuache ukishukuru kwamba umeumbwa na njia za akiba. Ila kuna jambo moja. Duara hilo, jinsi linavyochorwa vitabuni, wengi wetu hatunalo.

Mwaka 1959 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya kuchunguza bongo 350 za watu ambao hawakuwa na maradhi ya ubongo. Duara lililo kamili walilikuta katika kama nusu tu ya bongo hizo. Uchunguzi mwingine uliofanywa baadaye, mahali mbalimbali, umekuta idadi ndogo zaidi. Kwa wengine kijishipa cha kuunganisha mbele na nyuma ni chembamba kama uzi. Kwa wengine hakipo kabisa. Wako ambao mshipa mmoja wa nyuma ya shingo ni mdogo mno tangu tumboni mwa mama. Na wako ambao sehemu ya nyuma ya ubongo, badala ya kulishwa na mishipa ya nyuma, hulishwa na ule wa mbele, kama ilivyokuwa walipokuwa vichanga ambao hawajazaliwa.

Kuwa hivyo si ugonjwa. Mtu anaweza kuishi miaka 90 na duara pungufu asijue. Tofauti hujitokeza siku njia inapofungwa. Jangwani pakijaa maji, anayekwenda Kariakoo kutoka Magomeni anazunguka kwa daraja la Salenda. Atachelewa, lakini atafika. Sasa fikiria mji usio na Salenda. Mshipa mkubwa wa shingo ukiziba, mwenye duara zuri huenda asihisi kitu, au ahisi ganzi ya dakika kumi. Asiye na duara hilo anaweza kuanguka pale pale. Tena donge la damu likishalivuka duara na kukwama huko mbele, hata duara zuri halisaidii sana. Na kipo kiharusi cha namna nyingine, cha mshipa kupasuka, ambacho nacho mara nyingine huanzia kwenye kivimbe kilichoota papo hapo kwenye maungio ya duara.

Sijui mjomba ameumbwaje ndani ya fuvu lake, wala jirani yule. Hakuna aliyewapiga picha ya mishipa. Ndiyo maana napinga habari ya jirani kufanywa dawa. Kupona kwake hakukutuambia lolote juu ya mjomba. Na kwa jirani mwenyewe, ganzi ile iliyopita upesi yamkini ilikuwa onyo, kwani aliyepata kiharusi cha kupita yumo katika hatari kubwa ya kupata kikubwa ndani ya siku chache zinazofuata. Alistahili kuwa hospitali, si sokoni.

Mshipa mkubwa ukiziba, ubongo hupoteza kama seli milioni 2 za fahamu kila dakika. Dawa ya kuyeyusha donge, palipo na dawa hiyo na mashine ya kupiga picha ya ubongo, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Uso ukienda upande, mkono ukikosa nguvu au maneno yakivurugika ghafla, tafuta gari. Usimpe chakula wala maji, maana anaweza kupaliwa. Wala usimpe aspirini kwa kubahatisha, kwani kama ni mshipa uliopasuka utaongeza damu kuvuja.

Nawasemea hasa wa mijini. Utafiti uliofanywa kati ya mwaka 2003 na 2006 katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na katika eneo la Dar es Salaam, ulikuta kwamba, umri ukisawazishwa, viharusi vipya kwa mwaka vilikuwa kama 109 kwa kila watu 100,000 kule Hai, na kama 316 hapa Dar es Salaam. Karibu mara tatu!

Umbo la mishipa hatukulichagua. Presha ya damu, ambayo ndiyo chanzo kikuu cha kiharusi, inapimika kwa dakika mbili na ina vidonge. Mjomba aliambiwa ana presha miaka sita kabla ya Jumatano ile. Alimeza dawa mwezi mmoja, akajisikia mzima, akaacha.

Nilipotoka kwake nilipitia zahanati moja njiani, maana nilikumbuka kwamba mimi mwenyewe sikuwa nimepimwa kwa miaka mitatu. Muuguzi alifunga kile kitambaa mkononi, akapima, akanyamaza, akaniambia nipumzike kidogo apime tena. Ilikuwa 160 kwa 100. Kesho narudi kwake kupima kwa mara ya tatu.