Kipimo cha Siku Moja
Maneno aliyonena mwalimu wa dini mbele ya mama na walimu, katika jubilii ya miaka 100 ya Dayosisi ya Masasi



Nimeagizwa kunena juu ya mama wa nyumba na desturi ya kusoma Maandiko kila siku. Naanza kwa kuungama.

Kwa miaka mingi naliwakemea mama zetu kwa jambo hili. Nalisimama mbele yao siku ya darasa nikasema, "Mwapata nafasi ya kusuka nywele na nafasi ya kuzungumza kisimani, mbona hamna nafasi ya Neno la Mungu?" Wao wakainama, wasijibu. Nami nikadhani kunyamaza kwao ni toba. Sasa najua ya kuwa walinyamaza kwa adabu tu.

Hata mwaka mmoja mama mkwe wangu akaugua, na mke wangu akaenda kumwuguza muda wa majuma matatu. Akaniachia watoto wanne, na mdogo wao alikuwa na miaka mitatu. Nikasema moyoni, Siku chache hizi ni kitu gani? Alfajiri nikaamka, nikafagia, nikawasha moto, nikapika uji, nikawaosha watoto. Nikaenda kisimani mara mbili, nikasimama katika safu ya ndoo nikingoja zamu yangu. Nikarudi, nikalima kidogo, nikatafuta kuni, nikachambua kisamvu, nikasonga ugali. Na ugali ulipokwisha kuliwa, vyombo vilikuwa vikiningoja. Usiku nikaketi karibu na moto, nikafungua Biblia yangu, niliyozoea kuisoma kila siku bila taabu. Sikumaliza mistari mitatu. Nalilala nimeketi, kitabu kikaanguka ukingoni mwa moto, na binti yangu ndiye aliyekinyakua. Hata leo kurasa za Zaburi zina alama nyeusi pembeni, nami kila nizisomapo naiona.

Katika siku zile 21 nalisoma siku nne tu. Nami ndimi niliyekuwa nikiwakemea.

Mke wangu aliporudi, sikumwambia neno siku ile, maana naliona haya. Siku ya pili yake nikatwaa ndoo zake mbili nikaenda kisimani. Watu wakanicheka njiani wakisema, "Mwalimu, leo umekuwa mama?" Nikajibu, "Bado, ninajifunza."

Basi neno langu ni hili. Mama zetu hawashindwi kwa kukosa kumpenda Mungu. Wanashindwa kwa sababu tumewaagiza watafute saa ambayo haimo katika siku yao. Mama asitafute saa. Achukue kipimo kidogo, akifunge pamoja na kazi aifanyayo kila siku, na nyumba yote imsaidie kukilinda.

Mwakumbuka habari ya mana katika Kutoka, mlango wa 16. Wana wa Israeli waliagizwa kukusanya chakula cha siku moja, kila mtu kipimo chake, wala wasiweke akiba hata asubuhi. Walioweka, kiliingia mabuu. Siku ya sita peke yake ndipo walipokusanya maradufu, kwa ajili ya sabato. Mungu hakuwapa watu wake ghala. Aliwapa asubuhi, na asubuhi nyingine baada yake. Ndivyo ilivyo na Neno lake kwa mtu mwenye kazi nyingi. Mwenye kungoja siku ya kupumzika ili asome milango kumi pamoja, siku ile haimjii.

Tena tukumbuke jinsi kitabu hiki kilivyotufikia, tupate kujua thamani yake. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka ule ule mkewe Rosine akafa pamoja na mtoto wao mchanga, na mwaka ule ule Krapf akaanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Basi kaburi la mama limo katika mwanzo wa kazi hii. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere akaleta hapa Masasi wanawake na wanaume waliotolewa utumwani, naye mwenyewe alikuwa akiendelea kuyafasiri Maandiko kwa lugha yetu. Mwaka 1891 Biblia nzima ilikuwa imekwisha kupigwa chapa kwa Kiswahili. Dayosisi yetu ilipozaliwa mwaka 1926, kitabu kilikuwa tayari kikiingoja. Haifai leo kilale ndani ya sanduku pamoja na nguo za arusi.

Sasa nitawaeleza desturi tuliyoifanya nyumbani mwangu. Siisemi kuwa ni sheria. Ni njia tu, nasi tumeijaribu.

Kwanza, mahali pa kitabu. Mke wangu alishona mfuko wa kitambaa, akautundika jikoni mbali na moshi na maji, na Biblia hukaa humo. Kitu kilicho karibu na mkono hushikwa. Kilicho chumbani, juu ya kabati, husubiri Jumapili. Wengine wenu mnayo Biblia ndani ya simu, na hilo ni jema. Walakini simu ni nyumba yenye milango mingi, na mtu aingiapo kwa mlango wa Injili aweza kutokea kwa mlango wa habari za jirani.

Pili, wakati wake. Hatukuweka saa, maana mtoto akilia saa huvunjika. Tuliweka kazi. Sufuria ya maharage ikiisha kutelekwa na moto umeshika, ndipo asomapo. Maharage hayaivi upesi, wala hayana haja ya kutazamwa kila dakika.

Tatu, kiasi. Alianza na Injili ya Marko, iliyo fupi kupita zile nyingine. Ina milango 16. Akasoma nusu ya mlango kila siku, na kwa siku 32 akaimaliza. Yeye asomaye mlango mmoja kila siku huzimaliza Injili zote nne kwa siku 89, na Agano Jipya lote kwa siku 260. Nawataajia hesabu hizi mpate kuona ya kuwa kidogo cha kila siku si kidogo.

Nne, swali. Akiisha kusoma hujiuliza maneno mawili: Mungu ametenda nini hapa? Nami leo naagizwa nini? Kisha hushika neno moja, akaenda nalo kisimani na shambani. Mariamu, mama wa Bwana wetu, hatusomewi ya kuwa alikuwa na chumba cha kusomea. Twasomewa ya kuwa aliyaweka mambo yale moyoni na kuyafikiri.

Tano, siku iliyopotea. Hii ndiyo iwaangushayo wengi. Mama hukosa siku mbili kwa sababu ya homa ya mtoto, akaona ana deni. Akajaribu kulipa, deni likazidi. Mwisho akaacha kabisa. Dada zangu, mana ya jana haidaiwi. Fungueni palipo na alama yenu, msome kipimo cha leo. Wakati wa kuokota korosho, desturi yetu ilivunjika karibu mwezi mzima. Korosho zilipokwisha, mfuko ulikuwa ungali unaning'inia pale pale, nasi tukaanza tena.

Na mama asiyejua kusoma? Asidhani kwamba ameachwa nje. Mtoto wake wa shule na amsomee, polepole, mara mbili. Mtoto atapata kusoma vema, mama atapata Neno, na wote wawili watapata kuketi pamoja. Timotheo alikuwa na baba Myunani. Imani iliyosifiwa na Mtume Paulo ilikaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike, naye aliyajua Maandiko tangu utoto. Mwalimu wa kwanza wa askofu yule hakuwa mwalimu wa shule.

Nataka mjue na matunda yake. Jioni moja mke wangu aliniita kutoka jikoni. Alikuwa akisoma Marko, mlango wa 5. Akasema, "Mwalimu, yule mama aliyetokwa na damu aliugua miaka kumi na miwili. Na binti wa Yairo alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Basi mwaka ule mtoto alipozaliwa katika nyumba ya furaha, ndio mwaka mama huyu alipoanza kuugua. Na Bwana akawaponya siku moja." Kisha akaniuliza, "Je, uliliona?" Nami nalikuwa nimefundisha mlango ule mara nyingi, kwa mahubiri na kwa maswali, wala sikuliona. Nalikuwa nikisoma upesi ili nifundishe. Yeye alisoma polepole kwa kuwa maharage hayajaiva.

Akanyamaza kidogo, akasema, "Nalidhani Bwana amechelewa kwa Yairo kwa sababu ya mama yule. Kumbe hakuchelewa kwa yeyote." Mwaka ule tulikuwa tumemzika mama yake. Nikajua ya kuwa hakuwa akisema habari za Yairo peke yake.

Sasa nawageukia wanaume. Ninyi mwataka wake wenye hekima ya Mungu; basi chukueni ndoo. Baba akileta maji mara moja, au akimshika mtoto muda wa nusu mlango, amefanya kazi ya injili, hata kama watu watamcheka njiani. Yesu alimwambia Martha ya kuwa anasumbukia mengi, wala hakusema chakula kisipikwe. Pengine Martha angaliketi naye, kama ndugu wote wa nyumba ile wangaliamka pamoja naye na kushika vyombo.

Nanyi walimu wenzangu, mwingiapo katika nyumba, msihesabu kurasa. Ulizeni, "Mama, leo umeshika neno gani?" Akiwa hana, msimkemee. Mwombeni kitabu, msomeeni mistari mitano huku akiendelea kuchambua mboga, kisha mwende zenu kwa amani.

Miaka 100 imepita, na waliotutangulia wamelala. Hatujui Dayosisi itakuwaje katika miaka 100 mingine. Walakini twajua ya kuwa kesho asubuhi moto utawashwa katika nyumba zetu zote, na sufuria zitatelekwa. Hapo ndipo pa kuanzia.

Mungu, awalishaye watu wake siku kwa siku, awape mama zetu kipimo chao, nasi atupe moyo wa kuwasaidia. Amina.