Taa ya Masizi: Chunguza Kabla ya Kununua

Mazungumzo kwa viongozi wa vyama vya msingi, Mhunze



Msimu wa pamba haungoji gari. Lori la chama likisimama hapa Mhunze hali ghala limejaa, hasara si ya dereva peke yake. Ni ya kila mkulima anayesubiri malipo yake. Ndiyo maana taa ya onyo inapowaka, na fundi akatamka kwamba kipima-masizi kimekufa, kamati hushawishika kutoa fedha siku ile ile. Kifaa kipya hufungwa, taa huzimwa, na baada ya safari chache huwaka tena. Fedha ya wanachama imekwisha, na ugonjwa uko pale pale.

Malori ya zamani hayana kifaa hiki. Kimo katika magari ya dizeli ya miaka ya karibuni, hasa yaliyotengenezwa kwa kiwango cha Ulaya cha Euro 6. Katika bomba la moshi la magari hayo mna kichujio kinachonasa masizi, na nyuma ya kichujio hukaa kipima-masizi. Ndani yake mna kigae chenye njia mbili za madini zisizogusana. Masizi yakipenya kichujio, hutua juu ya kigae, huunganisha njia hizo, na umeme hupita. Kompyuta ya gari husoma umeme huo. Kisha kifaa hujipasha moto, huyaunguza masizi, na kuanza kupima upya.

Basi kazi ya kipima-masizi ni kama ya mzani wa ghalani. Mzani ukionyesha uzito pungufu, karani mwadilifu hanunui mwingine kabla ya kuupima kwa jiwe la kilo linalojulikana. Huenda mzani wasema kweli.

Uchunguzi na ufuate utaratibu. Kwanza, makosa yasomwe kwa mashine na kuandikwa kabla ya kufutwa. Pili, injini ikiwa imezimwa na bomba limepoa, kitambaa cheupe kipitishwe ndani ya ncha ya bomba. Kichujio kizima hakiachi masizi mengi. Kitambaa kikitoka cheusi tititi, kichujio chaweza kuwa kimepasuka au kimeng'olewa, na kifaa kinachoshutumiwa kimesema kweli. Tatu, kitambaa kikitoka safi, nyaya zikaguliwe: zimeungua kwa joto la bomba, zimekatwa na mawe ya barabarani, au plagi imeingia maji na kutu? Fyuzi na maungio ya bomba yasisahauliwe. Nne, umeme unaofika kwenye kifaa upimwe na kulinganishwa na kitabu cha mtengenezaji. Hayo yote yakiwa sawa, ndipo kifaa kishukiwe.

Baada ya matengenezo, gari liendeshwe safari ya kutosha. Kifaa hakianzi kupima mpaka bomba limekauka, kwani kigae chenye moto kikiguswa na maji hupasuka. Taa iliyozimwa gari likiwa limesimama haijathibitisha kitu.

Wapo wanaoshauri kichujio king'olewe na kompyuta idanganywe. Shauri hilo likataliwe. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Wanaouvuta kwanza ni wapakiaji wa pamba, yaani wanachama wenyewe na watoto wao.

Mafuta nayo yaangaliwe. Tangu mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilifuata kiwango cha dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Dizeli ya madumu ya kando ya njia haina uthibitisho huo.

Kwa hiyo, kabla hati ya malipo haijatiwa sahihi, kamati idai mambo matatu: maelezo ya fundi kwa maandishi, stakabadhi halali, na kifaa kikuukuu mkononi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huo hujengwa kwa pamba ya mkulima.