NENO MOJA LA KIINGEREZA NA KUDUMU KWETU
Hotuba ya Katibu katika sikukuu ya mwaka wa kumi wa Chama Kikuu



Wenzangu wamekwisha kueleza habari za mizani, maghala na malipo. Mimi niliye mtu wa barua naomba ruhusa niseme juu ya neno moja tu. Ni neno la Kiingereza, nalo ni "last".

Neno hili lilipata kuniaibisha. Katika mwaka wangu wa kwanza wa ukatibu tulipokea shehena ya mrututu wa kupulizia kahawa, pamoja na barua yenye neno hilo. Nikaifasiri mbele ya wanachama hivi: "Dawa hii itadumu majuma mawili." Wakaelewa kwamba baada ya hapo itaharibika. Basi wakafanya haraka kuimaliza, wengine hata mawingu yakiwa yametanda, na mvua ikaiosha majanini. Kumbe maana yake ilikuwa kwamba dawa ingetutosha majuma mawili. Kosa lilikuwa langu, na hasara ikawa ya wenye mashamba.

Tangu siku ile hulipima neno hili kabla ya kulifasiri. Likitajwa jambo linalopita, kama mkutano au mvua, maana yake ni kuchukua muda. Ikitajwa akiba inayotumiwa, kama unga, fedha au dawa, maana yake ni kutosha. Kikitajwa kitu kinachochakaa, kama jembe au paa la bati, maana yake ni kudumu.

Tena liko neno jingine lenye herufi zile zile, ambalo maana yake ni "-a mwisho". Maneno hayo mawili si ndugu. Hilo la mwisho lilitokana na neno la kukawia, lakini neno letu la kitendo lilitokana na neno la kale lililomaanisha kufuata na kutimiza, lenye asili moja na unyayo. Ndiyo sababu kigogo chenye umbo la mguu atumiacho mshona viatu huko Uingereza huitwa kwa jina hilo hilo.

Ndugu zangu, asili hiyo inatufaa kuifikiri leo. Mwaka 1933 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao kikuu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vya Tanzania Bara vilivunjwa, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Katika miaka hiyo mibuni iliendelea kuzaa. Mbuni hudumu kwa mizizi yake, lakini chama hudumu kwa watu wanaofuata njia waliyokubaliana na kutimiza waliyoahidi.

Basi je, chama chetu kita-"last"? Kwa maana ya kwanza, tumekwisha kuchukua miaka kumi. Kwa maana ya pili, kama akiba inatosha au haitoshi, mkaguzi wa hesabu ndiye mwenye kutujibu. Bali maana ya tatu haijibiwi na katibu wala mkaguzi. Itajibiwa na kila mwanachama, siku ile mchuuzi atakapobisha hodi usiku, na fedha mkononi, kabla ya mizani ya chama kufunguliwa.